Miguu Minne Chini ya Cherehani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Kwa watu wote wa ofisi ile ya mawakili, kuanzia Mzee mwenye ofisi hadi mlinzi wa getini, alikuwa Bi Lebo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikabaki bila kibandiko. Kopo la sukari lilikuwa na lebo. Ufunguo wa choo ulikuwa na lebo. Siku moja tarishi alipitiwa na usingizi kitini, akaamka akazunguka ofisi nzima kabla hajaambiwa kwamba mgongoni ana karatasi: "Kimelala. Kisihamishwe."

Alianza pale kama mpiga deki. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo kusoma alikumalizia kwenye migongo ya majalada, deki mkononi. Fulani dhidi ya kampuni ya bima. Fulani mwingine dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Akawa anajiuliza, huyu fulani alipatwa na nini, na mwishowe alipata nini? Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mumewe, fundi saa, husema mke wake akiletewa zawadi huigeuza kwanza kuangalia imefungwaje.

Miaka ishirini na miwili baadaye masijala ilikuwa yake: chumba cha nyuma, rafu za chuma hadi darini, dirisha moja linalotazama ua wa muuza matairi, na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Kadi ndizo zilikuwa sheria yake. Mtu mmoja, kadi moja, na karatasi zake zote zifuate kadi. Kabla ya hapo ofisi iliwahi kumtafuta shahidi mwezi mzima, kumbe anwani yake ilikuwa imekaa kwenye jalada jingine, rafu ya tatu, hatua mbili kutoka kwa waliokuwa wanahangaika. Tangu siku ile, kila aliyepita mlangoni alipata kadi.

"Hata ukija kuomba maji ya kunywa," Mzee huwaambia wageni, "Bi Lebo ataandika umekunywa glasi ngapi."

Kazi kubwa ya ofisi ilikuwa kesi za bima. Lori limegonga mtu, duka limeungua, aliyeumia anadai fidia, kampuni ya bima inakataa kulipa. Basi Mzee na wenzake husimama mahakamani upande wa kampuni. Na kila mwaka, mahakama zikikaribia kwenda likizo, ofisi hutoa msaada. Mwaka mmoja ilikuwa madawati, mwaka mwingine miwani. Mwaka huu Mzee aliamua zitolewe cherehani kumi za kuzungusha kwa mkono, wapewe mafundi ambao miguu yao haiwezi tena kukanyaga pedali. Tarishi alitumwa kwenda kwa kila mwombaji, aone kwa macho yake, aandike alichokiona.

Fomu kumi zikaletwa masijala. Bi Lebo akakaa na kalamu yake, akaanza kuandika kadi mpya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya saba akavuta droo, na mkono ukasimama. Fundi huyu wa saba alikuwa na kadi tayari, namba 1418. Jina ni lile, mtaa ni ule, namba ya simu ni ile ile mpaka tarakimu ya mwisho.

Kadi ikampeleka kwenye jalada, na jalada lilikuwa bichi kabisa. Fundi cherehani aligongwa na lori miaka miwili iliyopita, anadai fidia kwa sababu mguu wa kulia haufanyi kazi. Kampuni ya bima ya lori imekataa. Kesi itasikilizwa wiki ijayo. Na hoja ya ofisi, iliyoandikwa na wakili waliyemwita Wakili Mdogo, ilikuwa fupi: mguu umepona, mdai anashona kama kawaida, hakuna cha kufidia. Ushahidi ni picha aliyoipiga mpelelezi wa kampuni kutoka ng'ambo ya barabara: fundi ameketi nyuma ya cherehani ya miguu, kitambaa kinatiririka chini ya sindano.

Bi Lebo akaiweka fomu ya msaada kando ya picha. Kwenye fomu, kwa mwandiko wa tarishi uliolala kama nyasi zilizokanyagwa, palisomeka: "Nilimwomba akanyage pedali. Mguu wa kulia ulikataa. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alicheka, mimi sikucheka."

Mtu mmoja, mguu mmoja. Huku unakanyaga, huku haukanyagi. Bi Lebo hakujali sana kwanza nani ana haki. Alichotaka ni kujua inawezekanaje.

Jioni nyumbani alimwomba mumewe kile kioo chake cha kubana jichoni.

"Umeanza kutengeneza saa?" mumewe akauliza.

"Nataka kutazama kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Cha ofisi. Sikwambii."

"Basi si kidogo," mumewe akasema, akampa. "Ukikivunja, urudi kwenu."

"Kwetu nimeshahamia hapa. Labda urudi wewe."

Asubuhi alifunga mlango wa masijala, akabana kioo jichoni, akainamia picha. Aliuona mkono wa fundi. Aliiona futi ya kupimia shingoni mwake. Akateremka taratibu hadi chini ya meza, kwenye kivuli. Palikuwa na viatu viwili vyeusi vimetulia pembeni, kimoja kimenyooshwa kama cha mtu aliyelala. Na juu ya pedali palikuwa na kandambili mbili. Mkanda wa moja ulikuwa umekatika, ukashonwa kwa uzi mwekundu.

Akahesabu tena. Miguu minne, na mwenye ile miwili ya pili amekatwa na ukingo wa picha.

Tarishi alipoleta barua za asubuhi alimkuta bado na kioo jichoni.

"Bi Lebo, unanitisha. Unafanana na bundi aliyepata cheo."

"Kaa hapa. Yule fundi wa saba, ulipokwenda kwake, alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na mkewe."

"Mkewe alikaa wapi?"

Tarishi akafikiri. "Sasa hilo ndilo la ajabu. Alikuwa kwenye kigoda, ubavuni mwa cherehani, miguu kaiingiza chini ya meza. Nikadhani wamebanana kwa sababu chumba ni kidogo. Nilipoingia akaitoa. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu nikujue."

Akaenda zake, na Bi Lebo akabaki na fomu mkononi. Sasa alijua inawezekanaje, na kujua kukamwachia mzigo. Akiitia fomu kwenye boksi la msaada pamoja na zile tisa, hakuna atakayegutuka. Fundi atapewa cherehani yake, atapigwa picha mapokezi akipeana mkono na Mzee, na wiki ile ile watu wa ofisi hiyo hiyo watakwenda kumwambia hakimu kwamba mguu wake mzima. Atashindwa. Akiitia kwenye jalada, kama kadi inavyotaka, hoja ya Wakili Mdogo itaanguka kifudifudi, na huenda mtunza masijala akamwaga unga.

Alikunywa chai yote ikaisha. Kisha akatoboa fomu matundu mawili, akaiingiza kwenye jalada nyuma ya picha, akabandika juu yake karatasi ndogo: "Tazama chini ya meza."

Haikufika saa sita Wakili Mdogo akaja, jalada kifuani. Alikuwa binti mwerevu, umri wa kuzaliwa na Bi Lebo, na hajawahi kupandisha sauti.

"Mama, hii karatasi ya msaada imeingia humu kwa makosa."

"Haikuingia kwa makosa. Nimeitia."

"Lakini si ya kesi."

"Ni ya mtu huyo huyo, mwanangu. Kadi yake ni moja."

"Picha hii ndiyo kesi yangu yote. Hii fomu ikikaa humu, nitasimama mbele ya hakimu niseme nini?"

"Hilo sijasomea. Ukiniamuru niitoe, nitaitoa sasa hivi. Ila kwenye kadi nitaandika imetolewa lini, na aliyeagiza ni nani. Ndivyo ninavyofanya kwa karatasi zote."

Wakili Mdogo akaitazama ile droo ya kadi kama mtu anayetazama mbwa ambaye hajui kama anauma. Halafu akavuta kiti.

"Hebu nipe hicho kioo."

Alitazama muda mrefu. Alipoinua uso, alama ya duara ilikuwa imebaki kuzunguka jicho.

"Kandambili," akasema.

"Mbili," Bi Lebo akasema.

Wakaenda wote kwa Mzee. Yeye hakuhitaji kioo. Alisoma mwandiko wa tarishi mara mbili, akavua miwani.

"Huyu ni mtu wetu aliyeandika haya?"

"Ni wetu, Mzee."

"Basi hatuwezi kumwambia hakimu jambo ambalo sisi wenyewe tumeandika kwamba si kweli. Nitawapigia kampuni. Watake wasitake, hoja hii inatoka, na wakinisikiliza watapatana naye." Bi Lebo alikuwa tayari ameshika kitasa aliposikia: "Na jina la huyu fundi litoke kwenye orodha ya msaada."

Akageuka. "Kwa nini, Mzee?"

"Ni mpinzani wetu. Nikimpa cherehani leo huku nashindana naye, kesho watasema nimemnunua. Haifai."

Hilo Bi Lebo hakulitegemea. Alirudi masijala. Ile fomu aliyoitia mahali pake kwa mkono wake ndiyo iliyomnyang'anya fundi cherehani, na hata fidia yenyewe haijulikani kama itakuja. Siku ya kugawa, mapokezi palijaa vicheko na maua, mafundi tisa wakaondoka na cherehani tisa. Ya kumi aliiburuta mwenyewe hadi kwenye kona yake chini ya dirisha, akaibandika lebo: "Ya kadi namba 1418. Isiguswe."

"Unamwekea nani?" tarishi akauliza.

"Kadi namba 1418."

"Mzee amekataa."

"Mzee amekataa asipewe. Hakusema isiwekwe."

Wiki tano kampuni ilivutana, kesi ikaahirishwa, barua zikaenda na kurudi, na kila barua Bi Lebo aliisoma mara mbili kabla ya kuitoboa. Ya mwisho ilikuwa na mistari minne tu: wamekubali kulipa.

Fundi alikuja kutia sahihi siku ya Jumanne, na wakili wake na mkewe. Kwa miaka yote ile Bi Lebo aliwajua watu kwa karatasi. Hajawahi kumfuata hata mmoja hadi mapokezi. Siku hiyo alibeba jalada mwenyewe. Hakuanza na nyuso. Alitazama chini. Viatu viwili vyeusi, kimoja kikiburutwa. Kando yake, kandambili, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Sahihi zikatiwa. Mzee akafunika kalamu.

"Jalada limefungwa, Mzee?" Bi Lebo akauliza.

"Limefungwa."

"Basi huyu si mpinzani tena."

Mzee alimtazama, akamtazama Wakili Mdogo, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na karatasi zake. "Si mpinzani," akasema polepole. "Ilete."

Tarishi akaibeba ile cherehani hadi mezani. Fundi akaisogelea. Alishika mpini akauzungusha, sindano ikapanda na kushuka. Mkewe aliinama kusikiliza mlio wake, kisha akachungulia chini ya meza, mahali ambapo pedali haikuwepo.

"Kwa hiyo mimi nimefukuzwa kazi," akasema.

"Bila barua," mumewe akasema.

Walipokuwa wanaiinua ili waende nayo, Bi Lebo aliwazuia kidogo. Akaibandua ile lebo kwa kucha, polepole isiache gundi, akaenda nayo masijala na kuipachika nyuma ya kadi.