Prof alituuliza mtu wa kwenye roman ana shida gani, nikapata jibu la papa yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua kwa sababu moyo umejaa shukrani. Jina la prof nimebadilisha, mengine nayasema kama yalivyonipata. Mnivumilie na Kiswahili changu, siye wa huku tunachanganya na Kifaransa bila kujua.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulipanga nyumba mtaa wa Mudzipela, hapa mjini, baada ya kukimbia kijiji chetu upande wa Marabo.

Vita ilikuwa imetulia. Lakini ni ule utulivu ambao pikipiki ikitoa mlio mbaya, soko zima linageuza kichwa.

Kijijini papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi mbao. Vitanda, milango, hata benchi za kanisa zilitoka mikononi mwake. Tulipofika mjini akasukuma sanduku la vifaa chini ya kitanda, akakaa.

Miaka miwili.

Mama anauza unga wa muhogo, papa yuko uani. Mtu akileta kazi, anasema mgongo unauma. Kesho yake unamwona amebeba bidoni mbili za maji bila shida.

Nilimwonea aibu, sitaficha. Majirani wakimwita mvivu, moyoni nilikubali. Siku moja nikamwambia usoni: "Papa, wanaume wenzako banatumika kazi."

Tangu siku hiyo hata salamu ya asubuhi nikamnyima.

Sasa, somo la Kifaransa. Prof wetu, Madamu Esperansi, alitupa roman, yaani riwaya, ya zamani sana, kitabu kimoja wanafunzi watano. Ndani kuna mwanaume aliyerudi kutoka vitani. Anafokea mke wake, na Jumapili anatoka kanisani kabla misa haijaisha. Kijiji kizima kinamsema.

Kazi yetu: eleza hali ya roho ya huyu mtu.

Darasa likawaka. "Iko mulevi!" "Haamini Mungu!"

Madamu akagonga meza. "Musiniambie munachofikiri. Munionyeshe kwenye imeandikwa."

Basi nikarudi kwenye kurasa, kidole kwenye mstari. Mara nne anatoka kanisani. Mara zote nne, mistari miwili mitatu baada ya hapo, kengele inalia. Na kuna Jumapili moja kengele imeharibika. Siku hiyo alikaa mpaka mwisho, akaimba.

Nikanyoosha mkono. "Madamu, hakimbii Mungu. Iko anakimbia kengele."

Madamu akaniuliza polepole: "Na kengele inamukumbusha nini?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikamwona papa. Jirani akianza kupigilia bati, papa anatoka anapotelea barabarani. Kuni anapasua mama. Kusafisha mihogo anasaidia, lakini wakianza kuitwanga hayupo.

Nilikaa chini nikalia mbele ya darasa zima. Wengine walicheka kidogo. Madamu hakucheka.

Saa nane niko nyumbani. Nikampa papa salamu, akashtuka. Nikakaa karibu yake.

"Papa, ni mugongo ao ni nyundo?"

Akageuka akanitazama usoni. Kisha:

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Nilisoma."

Akaangalia mikono yake. "Ile siku ya kukimbia, nilikuwa nimejificha mu shamba ya mihogo. Batu ba bunduki balikuwa banapiga mulango ya jirani yetu. Banapiga, banapiga, haivunjike. Ile mulango ni mi niliitengeneza, mwanangu. Niliikaza sana. Kila musumari nikipiga, nasikia bale batu ndani banalia."

Wakuu, miaka miwili nilikuwa namwita mvivu.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Weye hukujua." Hiyo tu.

Nilimweleza Madamu. Alinipeleka kwa mama mmoja wa parokia anayesikiliza watu waliopita kwenye mabaya. Papa alikataa wiki tatu. Ya nne akaenda, mimi nikamsindikiza mpaka getini. Akarudi tena, na tena.

Dawa haikuwa ya siku moja. Alianza na msumeno na randa. Viti vyake vya kwanza mjini vilikuwa vya visi, zile skrubu za kuzungusha, na gundi, hakuna msumari hata mmoja. Watu wakavipenda. Leo nyundo anaishika, lakini kwanza anatutangazia: "Napiga tano tu!" Sisi tunahesabu naye kwa sauti. Kuna siku anafika tatu anaiweka chini, tunamwachia.

Madamu, kama unapita humu: asante. Ulitukataza kumhukumu mtu kabla ya kuonyesha ukurasa.

Nilichojifunza ni hicho. Mtu akiacha kitu alichokipenda, usikimbilie kumpa jina. Angalia anaondoka saa gani, na nini kinalia baada yake.

Nyumbani kwenu kuna mtu mliyemsoma vibaya? Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Na kama bado yuko hai, msalimieni kwanza, ndiyo mje kuandika.