Kornelio na Kengele ya MRI

Kazi ya Kornelio ni kuipima mashine inayopima watu. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa kuingizwa kwenye MRI, mashine ya sumaku ipigayo picha za ndani ya mwili, katika hospitali moja huko Temeke, hulaza ndani yake tufe la plastiki lililojaa maji na kulipiga picha. Likionekana duara safi, mashine ni nzima. Muda wote huo analisemesha: "Tulia basi, mzee." Msema pweke hakosi, na tufe halijawahi kumbishia.

Kwake Kimara analala peke yake tangu Machi. Mkewe, Noela, alifia kwao Mbinga walipokwenda likizo, akazikwa hukohuko. Kornelio aliporudi kazini, wenzake walimdaka mlangoni: "Likizo tamu, braza! Maharage yetu yako wapi?" Akacheka nao. Mjinga yule! Kicheko kile ndicho kilichomponza, maana msiba usiposemwa siku ya kwanza, ya pili unakuwa mzito, na mwezi ukiisha watu watakuuliza kwa nini uliwaficha. Akakosa turubai la msiba, akakosa mkeka wa kuketi na waombolezaji, akakosa hata mtu mmoja wa kumwambia pole. Upweke ukamla hasa. Na kila Ijumaa Yasmini, binti anayeendesha mashine, alimwambia, "Baba, nisalimie mama." Naye akajibu, "Zimefika."

Leo, baada ya tufe, ilibaki kengele: kipira anachominya mgonjwa akizidiwa mle ndani. Siku nyingine hukiminya akiwa amesimama. Leo alilala mwenyewe, akaingia hadi kifuani, maana alikuwa ameapa kusema, na kusema huku anatazamwa usoni kungemshinda. Akaminya.

"Nakusikia, baba," sauti ya Yasmini ikatoka kwenye spika. "Una shida yoyote?"

"Ninayo. Mke wangu alifariki. Toka Machi. Sikumwambia mtu."

Spika ikakatika. Kornelio akajiambia, ndiyo hayo, umeshamkera mtoto wa watu, na wagonjwa wamejaa nje. Hakujua kwamba Yasmini alikuwa anahangaika kuvua hereni, bangili na vibanio vya nywele, maana chumba kile hakiingiwi na chuma.

Mlango ukafunguka. Yasmini akakivuta kitanda nje, akavua viatu, akajitanda mtandio wake vizuri, kisha akaketi chini sakafuni na kukunja miguu.

"Pole sana, baba," akasema. "Aliumwa nini?"