Basi Lililochelewa kwa Dua

Namshukuru Mola aliyenipa magoti ya kusujudia, na yalipochoka akanipa basi.

Lilikuwa basi la halmashauri. Daladala ziliishia Usa River, hazikutaka tope la kwetu mlimani, hili likapanda. Kila asubuhi liliteremsha watu na mikungu ya ndizi hadi mjini, nami kila Ijumaa nikawahi msikitini. Kwa kuwa lilikuwa mali ya umma, kila mmoja aliliona lake. Huyu aliomba lingoje amalize kukamua, yule lingoje chai yake ipoe. Dereva, jirani yangu na mzee wa kanisa la Kilutheri, aliwangoja wote. Mimi alinitania kwamba malaika wa mauti hatanisubiri nifunge kilemba; mwenye subira hiyo ni yeye dereva peke yake.

Ikaja habari kwamba halmashauri inamtuma ofisa apande basi na saa yake mkononi. Likichelewa, litafungiwa. Niliogopa. Bila basi, Ijumaa yangu ingeishia kwenye mkeka wa nyumbani.

Tukaahidiana. Siku hiyo hakuna aliyengojewa. Kulipopambazuka wote tulikuwa kituoni. Ofisa alikuwa binti mpole. Akaniamkia shikamoo, akaandika kwamba tumewahi. Nilifurahi mno, nikamwomba dereva azime injini kidogo tumshukuru Mungu na kuliombea basi maisha marefu.

Kusema kweli, dua ilikolea. Niliombea injini, breki, matairi yote, moja moja, na kila daraja hadi mjini. Nilipofika kwenye amina, dereva akavua kofia.

"Sheikh, umeomba vizuri. Lakini Walutheri nasi tumo humu. Tunyamaze?"

Naye akaomba. Kisha wenzake wakaimba, beti zote. Binti alitazama saa, akainamisha kichwa. Angewakatizaje wazee sala?

Basi lilifungiwa kabla ya masika. Barua ilisema tu kwamba halizingatii muda. Dua haikutajwa, na adabu hiyo ya binti naishukuru hadi leo.

Siku hizi dereva amestaafu, ana pikipiki. Kila Ijumaa hunipeleka msikitini, akaningoja nje akinywa kahawa. Sharti lake ni moja.

"Dua utaomba ukishashuka, mzee wangu."

Natii. Nawe msomaji, Mungu akufikishe uendako salama, tena mapema. Nimefupisha makusudi.