Figo ya Dada Yangu na Siku ya Posa

Shule niliacha darasa la tatu, lakini ekari nne za majani chai karibu na Kapkatet nilipanda kwa mikono yangu. Kitu kimoja tu nilicho nacho sikukitafuta mwenyewe: figo. Zangu mbili zilipokufa, mapema miaka ya tisini, dada yangu mdogo aliyeolewa Sigor alinipa yake moja. Tulipasuliwa Nairobi, tukarudi nyumbani wote wawili tukiwa wazima.

Daktari alinipa masharti. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, nimeze asubuhi na jioni. Na nikojoe kila baada ya saa mbili au tatu, nisingoje kubanwa, kwa sababu pale waliposhonea mrija wa figo kwenye kibofu palikuwa pamelegea, na kibofu kikijaa sana mkojo unarudi juu. Dawa nilishika. La kukojoa niliona ni mambo ya watoto.

Mwaka uliofuata watu wakaja kumposa binti yangu mkubwa. Kwetu mazungumzo hayo ni ya kukaa. Mwenye boma akitoka nje katikati ya maneno, wageni wanahesabu amekataa, wanachukua fimbo zao wanaenda. Walifika saa nne asubuhi. Wakanywa chai, wakanywa maziwa ya mursik, wakaeleza ukoo wao mpaka babu ya babu. Na mimi nilikunywa, tena sana, nikakaa. Kufika saa kumi jioni ng'ombe walikuwa wamekubaliwa na tumbo langu lilikuwa gumu kama ngoma. Nilijisifu moyoni kwamba kijana wa miaka ishirini hangeweza.

Siku ya tatu nikashikwa na baridi, nikatetemeka. Mvua ilikuwa nyingi na kila boma lilikuwa na malaria, kwa hivyo nikameza dawa ya malaria. Wiki nzima nikaenda hivyo, mkojo mzito, unanuka, na sikumwambia mtu. Dada yangu alikuja kunisalimia, akanigusa shingo, na kesho yake tulikuwa Nairobi.

Walinitibu mpaka homa ikaisha. Ndipo daktari akatuonyesha picha. Mkojo ulikuwa umerudi juu na uchafu wake, akasema, ukaichoma figo, na palipochomeka pamekuwa kovu. Kovu halifanyi kazi.

"Na hiyo sehemu ingine?" dada akauliza.

"Inafanya. Akiitunza."

Kwenye benchi huko nje dada hakunihurumia.

"Wewe mzee, siku ile ulikaa kutwa nzima ukishindana na nani?"

"Wageni wangeenda."

"Wangeenda, wangerudi. Wasichana wako ni wazuri. Lakini hiyo figo ikienda, mimi sina ingine ya kukupa. Hii iliyobaki naitumia."

Nikainuka nikaenda kutafuta choo.

Zamu ya binti wa pili ilipofika, nilisimama kabla chai haijamiminwa. Nikawaambia wageni: "Mimi nimeshonewa figo ya mtu. Leo nitatoka kukojoa mara nyingi, na hiyo si kukataa. Kaeni tu." Kutaja mkojo mbele ya wakwe ni aibu kubwa. Wazee waliangalia chini. Dada alikuwa upande wa akina mama, nikamsikia anakohoa kuficha kicheko.

Nilipoinuka mara ya kwanza, mzee mkubwa wa upande wao akainuka pia.

"Ngoja nikusindikize, mkwe."

Tulisimama kando ya majani chai, kila mtu ameangalia upande wake. Alikawia kuliko mimi.

"Miaka thelathini naposea vijana wa ukoo," akasema, "na kila mara naumia hivi hivi."

Tuliporudi, wengine wawili walikuwa mlangoni wanangoja kutoka. Binti aliolewa vizuri.

Kliniki iliyofuata kovu lilikuwa lile lile, halikuongezeka hata kidogo. Nilimtuma jirani aliyekuwa anaenda soko la Sigor ampelekee dada habari hiyo pamoja na gunia la viazi. Jibu likarudi na jirani huyo huyo: "Mwambie viazi nimepata. Na umuulize leo ameenda mara ngapi."