Kufuli la Profesa Mghanga

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa mhadhiri kijana. Mwalimu wangu wa uhandisi, Profesa Mghanga, alikuwa amebuni chipu ya kufunga milango ya maji kwenye mifereji ya Mboghoni. Mkulima anabonyeza namba yake ya siri, maji yanamfikia. Asiye na namba arudi nyumbani. Mitambo ilikuwa isimikwe wiki ileile, nami nikapewa chipu niipime, kutimiza desturi tu.

Sasa, mimi nimekulia sokoni Mwatate. Muuza mitumba akisema hapana, simsikilizi. Naangalia amekawia kiasi gani kabla ya kuisema. Akikataa papo hapo, bei yangu iko mbali. Akisitasita, nimemkaribia. Basi nikaibembeleza chipu vivyo hivyo. Tarakimu ya kwanza niliyobonyeza isipokuwa yenyewe, chipu ilikataa mara moja. Ikiwa yenyewe, ilichelewa kidogo mno, mashine ya kupimia tu ndiyo iliona. Nikaipata hiyo, nikaenda ya pili, ya tatu, mpaka kufuli likafunguka. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Likafunguka tena! Jasho likanitoka na feni inazunguka.

Nikanyamaza siku mbili. Ningeanzaje kumwambia mzee kwamba kazi ya maisha yake inafunguliwa kwa ujanja wa kununulia mitumba? Hatimaye nikamwendea nyumbani kwake Voi, nikauliza habari za mama, za wajukuu, za mbuzi.

"Mbuzi wangu wamekuhusu tangu lini?" akasema. "Toa lililokuleta."

"Mwalimu, namba ya siri nimeipata."

"Nani amekupa?"

"Chipu yenyewe."

"Chipu haina mdomo, wewe!"

"Haina. Lakini inasita."

Nikamweleza. Akawapigia mafundi simu mbele yangu: "Simamisheni kazi. Kufuli langu ni bovu." Nami nilikuja nimejiandaa kufukuzwa. Akanigeukia.

"Umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi! Na leo asubuhi mafundi wameisimika kwenye mlango wa kwanza. Watu waibiwe maji, wewe unaniheshimu?"

Hilo ndilo lililonichoma.

Mwanangu, kufuli ulilolitengeneza lijaribu kama mwizi, tena mwizi mwenye kiu. Ukiona kasoro, hata ya aliyekufundisha, mwambie siku hiyohiyo. Adabu iweke kwenye sauti, usiiweke kwenye kuchelewa. Mungu akujalie jicho lisilosinzia, na akukutanishe na mwalimu kama yule.