Goti la Shangazi Zena

Kanga iliyolowa maji ya chumvi kisha ikakaushwa kando ya jiko la kuni ina harufu yake: nusu moshi, nusu uduvi. Nikiisikia popote, hata huku mjini, naona aibu, na leo nitawaambieni kwa nini.

Kwetu Salale, kijiji cha mto unapoingia baharini, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mashua zenye barafu zilikuwa zimeanza kuja kununua kamba wabichi. Wanaume wakahamia kwenye uvuvi huo wote, mpunga ukabaki kwa wanawake, na mikono haikutosha. Shangazi Zena, dada yake baba, alikuwa ameachwa na mumewe akarudi kwetu. Hakuwa na kwingine kwa kwenda. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Nchi kavu alitembea ameshika paja, hatua moja, pumzi moja. Kwa hiyo alisamehewa shamba, akawa anakwenda mtoni kutanda uduvi, kuwavua kwa chandarua, na wenzake.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, mpekuzi wa kila jambo. Siku moja nilipelekwa mtoni kuwalindia nguo. Shangazi aliingia mpaka maji yakamfika kifuani, akashika ncha ya chandarua, akaenda. Hakuchechemea! Nilimtazama akienda na kurudi mara nne ili nipate hakika, kisha nikakimbia nyumbani.

"Mama, shangazi anajisingizia. Nimemwona kwa macho yangu."

Aliporudi, mama alikuwa anamngoja uani.

"Wifi, kumbe mguu wako njia ya uduvi unaijua, ya shamba ndiyo hauijui?"

"Maji yananibeba, wifi yangu."

"Basi tukuchimbie mfereji mpaka shambani!"

Bibi alicheka, majirani wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake shangazi alichukua kisu cha kuvunia, akatufuata shambani. Siku ya tatu, akiwa na kikapu cha mpunga kichwani, alianguka kwenye tuta. Goti lilivimba kama papai.

Nikapewa kazi ya kumkanda kwa mafuta ya nazi. "Una mkono mwepesi, mwanangu," alikuwa akiniambia. Nilimimina mafuta mengine, nikaendelea kukanda.

Nimekuja kuumwa goti langu nikiwa mtu mzima, shangazi ameshazikwa. Mtaalamu wa viungo aliniingiza kwenye bwawa, maji ya kifua, akaniambia nitembee. Misuli ya mapaja ilifanya kazi hadi ikachoka, lakini goti halikulalamika. Alinieleza kwamba majini misuli inasukuma huku maji yakipokea uzito. Nchi kavu uzito wote unashukia gotini. Nilijifuta uso akadhani ni maji.

Sikusema uongo siku ile. Nilieleza nilichokiona, ila sikumuuliza mwenye goti. Tangu alipoanguka, Shangazi Zena hakuweza tena kushuka ukingo wa tope kuingia mtoni. Majini ndipo mahali pekee alipotembea kama wenzake, na mimi ndiye niliyempokonya.