Tairi Pana za Kaka Mwakio

Mwanangu, siku ile kaka yangu Mwakio alipoleta gari lake nyumbani kwetu Voi bado naiona mbele yangu. Lilikuwa gari dogo jekundu la milango miwili, la aina iliyopendwa na vijana wa miaka ya sabini: fupi, jepesi, lenye mngurumo uliowafanya watu wageuke njiani. Mwakio alikuwa fundi katika gereji moja pale mjini. Alilipata likiwa limekufa injini, akalitengeneza mwenyewe kila jioni akitoka kazini, mpaka likawaka.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akalizunguka polepole, akasema, "Sasa nitakwenda kwetu Wundanyi nikiwa nimekaa kama mtu."

Sote tulicheka. Mwakio alimpenda Mama kuliko alivyojua kusema, na nadhani nusu ya kazi ile aliifanya kwa ajili yake.

Kama angeliacha gari vile lilivyokuwa, labda leo ningekuwa nakusimulia jambo lingine. Lakini mwaka huo magari ya mashindano yalipita upande wetu, na Mwakio akaenda kusimama kando ya barabara na vijana wenzake. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na kichwani hakuna kitu kingine ila yale magari na tairi zake pana. Haukupita muda akaenda Mombasa, akarudi na tairi nne zilizozidi za gari lake kwa upana na hata kwa kimo. Alipozifunga, kweli gari lilipendeza. Lilisimama kama fahali mchanga anayetafuta wa kupigana naye.

Baba alifanya kazi ya reli hapo stesheni. Alirudi jioni, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na madigadi, lile bati linaloifunika. Kidole hakikupita.

"Mwakio," akaita, "juzi nilikupitia kazini nikakukuta ukimkataza yule mwalimu asiweke tairi kubwa kama hizi. Ulimwambia nini?"

Mwakio akacheka kwa aibu. "Nilimwambia zitasugua, Baba. Gari likibeba watu linashuka, na ukikata kona tairi inagusa bodi."

"Na hili lako?"

"Mimi ni fundi, Baba. Likianza kusugua nitasikia. Halafu naliendesha peke yangu, halina uzito."

"Rudisha zile za zamani, mwanangu. Waliolitengeneza wameandika ukubwa wake hapo mlangoni, na wewe unausoma vizuri kuliko mimi."

"Sawa, Baba. Nitazirudisha."

Baba akainuka, akapangusa mikono, akaingia ndani. Jambo hilo hakulitaja tena.

Mwakio naye hakuzirudisha. Hakuwa mkaidi, usimfikirie hivyo. Alikuwa anaahirisha tu, kama unavyoahirisha wewe mambo yako. Akiwa peke yake kwenye tambarare, kutoka Voi mpaka Mwatate, gari halikusugua popote, na kila siku iliyopita salama ilimpa sababu ya kungoja nyingine.

Ndipo tukapata habari kwamba Bibi, mama yake Mama, ni mgonjwa. Asubuhi tukaingia garini: Mwakio kwenye usukani, Mama kando yake, mimi na shangazi nyuma. Tulipoanza kupanda milima, nikasikia sauti kwenye kona, kama mtu anayepiga ubao msasa. Mama akanusa hewa.

"Mwakio, kuna kitu kinaungua?"

Akasimamisha gari, akashuka, akapapasa tairi ya mbele ya kushoto. Kidole kilirudi cheusi. Akatuambia, "Inagusa kidogo. Nitakwenda polepole, na tukifika Voi nazitoa leo leo."

"Haya," Mama akasema. "Wewe ndiwe fundi."

Bibi tulimkuta ameketi, amepata nafuu. Alifurahi sana kumwona bintiye, na wakati wa kuondoka hakukubali twende mikono mitupu. Akatujazia gari ndizi, viazi na kabichi, mpaka buti ikakataa kufungika na mfuko mmoja nikaupakata. Mwakio alitazama magurudumu, nikamwona akitaka kusema kitu. Lakini utamwambiaje mwanamke mzee, aliyeamka kitandani kwa furaha, kwamba ashushe zawadi zake?

Tulishuka polepole, kama alivyoahidi. Sauti ile ilikuwa inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Kwenye kona moja kali ikalia kwa muda mrefu, kisha tairi ya kushoto ikapasuka. Mwakio aliushika usukani kwa nguvu zake zote, lakini gari lilivutwa kushoto, likatoka barabarani, likagonga jiwe upande aliokaa Mama.

Sisi watatu tulitoka na michubuko. Mama hakufika hospitali. Alifia njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mwakio, nyuma ya pikapu ya msamaria mmoja, naye Mwakio akimwita tu, "Mama, Mama," kama mtoto aliyeamka gizani.

Tulipokwisha kumzika, watu walipoanza kutawanyika, Mwakio alipiga magoti mbele ya Baba.

"Nimemuua Mama. Uliniambia, Baba. Uliniambia."

Baba akainama, akamshika mabega. Kisha akasema, "Nilikuambia mara moja. Halafu kila asubuhi nikienda kazini niliziona zile tairi kwa macho yangu, nikajiambia, huyu ni mtu mzima, ni fundi, nisimwaibishe. Heri ningekuambia kila siku mpaka unichukie."

Akamwinua, wakashikana, wakalia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia.

Mwakio aliendelea kutengeneza magari ya watu maisha yake yote, lakini hakuendesha tena. Gari akishalimaliza, mwenzake ndiye aliyelijaribu barabarani. Hata alipopewa lifti, kiti cha mbele hakukikalia. Alizeeka hivyo, mpole, mwenye huzuni, mpaka naye tukampeleka kulala karibu na Mama.

Mwanangu, nimesikia umenunua gari dogo zuri, na unatafuta tairi pana za kulipamba. Sikukatazi kupenda gari lako. Soma kile kibati cha mlangoni, ununue ukubwa uliotajwa hapo, na ukitaka kubadilisha, lijaze kwanza watu na mizigo, ukate usukani mpaka mwisho huku na huku, uone kama kuna kinachogusa. Kikigusa, zitoe siku hiyo hiyo. Usingoje safari iishe. Alichokijua Mwakio kwa ajili ya wateja wake, wewe kijue kwa ajili ya mama yako. Nami nitakuuliza leo, nitakuuliza kesho na keshokutwa. Nikikuchosha, univumilie, maana Baba alinifundisha bei ya kunyamaza.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, mikono yako iwe imara, na wote utakaowapakia uwafikishe milangoni kwao wakiwa wanacheka.